Nani Kasema Viza Ni Bahati?

Mtu akirudi kutoka ubalozini mikono mitupu, nyumba nzima inajua la kumwambia: "Pole, bahati haikuwa yako." Akirudi amegongewa viza, majirani wanasema nyota yake kali. Maneno haya nimeyasikia Temeke, nimeyasikia Tanga, na nimeyasikia kwa watu wenye shahada mbili. Nasema wazi kwamba ni imani potofu, na inatugharimu fedha, muda na heshima.

Mwaka juzi mpwa wangu aliomba viza ya kumfuata mumewe, anayefanya kazi katika nchi moja ya Ulaya. Ndoa yao ni halali, cheti kipo, picha za harusi zimejaa albamu. Akanyimwa. Nyumbani kukawa kama kuna msiba. Shangazi zake walikuja kumfariji, wakamshauri ajaribu tena bahati yake baada ya Ramadhani. Kijana mmoja anayejiita wakala akapiga simu kusema ana mtu wake wa ndani, na kwa laki tano jambo litakwisha.

Nilimuuliza mpwa wangu swali moja: barua waliyokupa inasemaje?

"Nilisoma mstari wa kwanza tu, Mjomba, nikaona nimenyimwa. Ya chini yake niyasome ya nini?"

Barua ilikuwa bado mkobani, siku ya kumi na mbili. Tukatandika mkeka, tukapanga karatasi zake zote. Cheti cha kuzaliwa kinasema baba yake ni Hamisi. Pasipoti inasema Hamis, herufi moja imepotea njiani. Cheti cha ndoa kimeruka jina la baba kabisa, kikachukua la babu. Sisi tunaomjua tunaona binti mmoja. Afisa aliyeko dirishani, ambaye hajawahi kufika kwetu wala kula pilau ya harusi ile, anaona watu watatu. Na barua ilieleza hivyo hivyo: utambulisho wa mwombaji haukuthibitika.

Tulikwenda kwa wakili, mpwa wangu akaapa kiapo cha majina, cheti cha kuzaliwa kikahakikiwa na ofisi ya usajili, RITA, cheti cha ndoa kikasahihishwa. Ilichukua miezi, na ilichosha. Alipoomba mara ya pili alipata. Nyota yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni karatasi.

Ubaya wa kuamini bahati ni huo: unamfanya mtu asisome. Kama jibu limeshaandikwa mbinguni, kuna haja gani ya kupitia orodha ya viambatisho mara tatu? Matokeo yake tunakwenda ubalozini na bahasha ya kaki tuliyoijaza jana usiku pale steshenari, kisha tunashangaa.

Chukua Ujerumani, ambako Watanzania wengi huwafuata wenzi wao. Tangu mwaka 2007 sheria yao inamtaka mwenzi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, aonyeshe Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza. Mtihani huo una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama ni 100, na anayefikisha 60 amefaulu. Taasisi ya Goethe ya Dar es Salaam inafundisha na kutahini. Mwanafunzi naye anatakiwa athibitishe fedha za kujikimu, na kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kila mwezi. Unaweza kusema masharti haya ni magumu, nami nitakuunga mkono. Lakini hakuna hata moja linaloamuliwa kwa kurusha shilingi.

Imani hii pia ndiyo mtaji wa vishoka. Kishoka hauzi viza, kwa sababu hana. Anauza bahati. Ukipata, anasema ni yeye. Ukikosa, anasema bahati yako ndogo, ongeza laki mbili. Ndiye anayemshauri kijana akope milioni kumi na kuziweka benki wiki moja kabla ya miadi, kana kwamba afisa anayesoma taarifa ya benki ya miezi mitatu hataona akaunti iliyokuwa na elfu arobaini ikivimba ghafla. Ndiye anayechonga barua ya ajira ya kampuni isiyo na ofisi. Na akikamatwa mtu, hakamatwi yeye. Anayebaki na doa ni mwombaji: nchi 29 za Ulaya za eneo la Schengen zinatumia hifadhi moja ya kumbukumbu za viza, na maombi ya viza ya muda mfupi, yakiwemo yaliyokataliwa, huweza kubaki humo hadi miaka mitano. Anayedhani atatoka ubalozi huu akabahatishe ule wa jirani, ajue jirani anasoma daftari lilelile.

Najua nitajibiwa kwa methali: jitihada haiondoi kudura. Ni kweli, na mimi ni muumini. Lakini methali hiyo haijatukataza jitihada, na wazee walioitunga walilima kabla ya kuomba mvua. Wengine watanikumbusha bahati nasibu ya viza za Marekani, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1990. Hata ile, aliyechaguliwa alikuwa amepata nafasi ya kuomba tu. Bado alitakiwa kuonyesha elimu ya sekondari au uzoefu wa kazi unaotambulika, kupimwa afya, na kukaa mbele ya afisa kuhojiwa. Kura ilifungua geti, na ndani ya geti kulikuwa na karatasi.

Liko jibu zito zaidi, nami silikwepi. Wapo waliokamilisha kila kitu, majina yamenyooka, fedha ni zao, na bado wakanyimwa. Wapo waliohojiwa kama watuhumiwa. Wapo waliosubiri miezi hadi mtoto akazaliwa na kuanza kutambaa baba yake hajamwona. Ada haziwarudii, kwa viza ya muda mrefu ya Ujerumani mtu mzima hulipa euro 75, na jibu likiwa hapana, zimekwenda. Hayo ni maumivu ya kweli.

Lakini kuyaita maumivu hayo bahati mbaya ni kumtetea aliyeyasababisha. Mtu aliyenyimwa bila haki hakukosa bahati. Ametendewa jambo na binadamu mwenye kiti, muhuri na sheria inayomfunga. Kanuni ya viza za muda mfupi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inamtaka afisa ataje sababu za kukataa, na inampa mwombaji haki ya kukata rufaa. Bahati haina anuani ya kupelekewa rufaa. Afisa anayo.

Na haki isiyotumiwa huondoka kimyakimya. Zamani aliyenyimwa viza ya Ujerumani aliweza kuandika barua ubalozini bila malipo, akaomba uamuzi wake uangaliwe upya. Tarehe 1 Julai 2025 njia hiyo iliondolewa duniani kote. Sasa aliyenyimwa anabaki na mawili: aombe upya na kulipa tena, au afungue kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin. Ni pigo kubwa kwa familia zilizotenganishwa. Hapa kwetu sikusikia mtu akililalamikia barazani wala kwenye daladala. Tutalilia vipi mlango tusioujua, wakati tumezoea kusema Mungu hakupanga?

Basi tufanye hivi. Mzazi amfundishe mwanawe kuandika jina lake kwa herufi zilezile tangu cheti cha kuzaliwa mpaka cheti cha kidato cha nne, maana safari ya ubalozini huanzia hapo. Tusome masharti wenyewe, na tusipoelewa tumuulize aliyepita njia hiyo, si anayeuza njia. Na siku jirani akirudi amenyimwa, tumpe pole yake, tumpe maji ya kunywa, kisha tukae naye mkekani tumuulize: barua inasemaje?