Kinyama cha utumbo kisipelekwe maabara bila maelezo

Mkazi wa Kongwa au Bahi anayekonda, kutokwa jasho usiku na kuumwa tumbo chini upande wa kulia huenda akafikishwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mara nyingi kiini cha tatizo ni pale utumbo mwembamba unapoingia mpana, penye vali. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa hapo, na maziwa mabichi ni mojawapo ya njia zake.

Ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo ulioelezwa New York mwaka 1932, nao hushambulia hapohapo. Kwa darubini, yote mawili huonyesha vinundu. Vya kifua kikuu aghalabu ni vikubwa, vimeungana, katikati seli zimekufa. Lakini kinyama kinachokatwa utumboni kwa uchunguzi ni kama punje ya uwele. Ushahidi unaweza kubaki utumboni.

Kukosea hapa ni hatari mno: dawa za kushusha kinga anazopewa mgonjwa wa Crohn huchochea kifua kikuu.

Madaktari wachukue vinyama kadhaa, waandike vimetoka sehemu gani, na kimoja kisitiwe fomalini, maana huua bakteria wanaotafutwa. Nawe mgonjwa, mweleze daktari kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa.