Itezi Iliponea Jumapili

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024, sehemu ya Mlima Kawetere iliporomokea kata ya Itezi, jijini Mbeya. Tope lilifukia nyumba zipatazo 20 na kuivamia shule ya msingi. Hakuna aliyepoteza maisha. Madarasa yalikuwa matupu kwa sababu ilikuwa Jumapili.

Hebu kila mzazi wa Mbeya aitafakari Jumatatu yake.

Sababu zinajulikana: mvua iliyopitiliza, udongo ulioshiba maji, miti inayokatwa, nyumba zinazopanda mlimani kwa kuwa viwanja vya tambarare vina bei. Lisilosameheka ni usahaulifu. Miezi minne tu kabla ya Itezi, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Nchi nzima ililia, ikachanga mablanketi na unga. Kisha wakazi wa miji mingine ya milimani wakaendelea kulala chini ya miteremko yao bila hata kujua wakimbilie wapi.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati za maafa hadi ngazi ya kata na mtaa. Lakini ni wangapi wa Itezi na Uyole jijini Mbeya, au Ipogolo mjini Iringa, wanaomjua hata mjumbe mmoja wa kamati yao? Mpango wa maafa unaobaki kabatini, ambao mama mwenye nyumba kando ya korongo hajawahi kuusikia, haumlindi mtu.

Na wananchi nao wana lao. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, wanaofika ni wachache, na wengi wao wamekuja kusikiliza habari za mikopo. Mtaro ukiziba taka, kila mmoja anamtazama jirani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ila kando ya mito ya mijini misingi inachimbwa mchana kweupe na majirani wananyamaza.

Kazi ya kujiandaa na maafa inawezekana. Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi katika vichochoro vya kata zinazofurika, wakachora nyumba, mitaro na njia za maji. Mbeya ina vyuo. Iringa ina vyuo. Vijana wenye simu wamejaa kila kona.

Wazee watembee na vijana hao mtaa kwa mtaa, waoneshe maji yalipita wapi miaka ya nyuma, na alama ya rangi ipigwe ukutani pale yalipofikia. Yaorodheshwe majina ya wagonjwa, wajawazito na wasioweza kutembea, na kila jina lipewe jirani wa kumbeba. Kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vikubaliwe kuwa ishara ya kuhama. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe mlangoni. Madiwani wabanwe mpaka fedha za kinga zionekane kwenye bajeti.

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba. Wakazi wa Mbeya na Iringa wasisubiri barua: wamwendee mwenyekiti wa mtaa sasa, wamwombe, na akisita wamlazimishe kuitisha mkutano wa mtaa wa kupanga haya yote kabla ya Oktoba kwisha.