Wapiga Ngoma wa Mwambao Waandikwe Majina

Kila mgeni mashuhuri anapozuru mwambao wa Ziwa Tanganyika hupokewa kwa ngoma. Hotuba zikianza, wapigaji huondolewa uwanjani, hupewa soda, na jina la hata mmoja wao haliandikwi popote. Desturi hiyo imezoeleka mno hata haionekani tena kuwa ni kasoro. Sisi tunaiona kuwa ni kasoro, tena yenye hasara.

Ushahidi wa hasara hiyo u karibu. Kagunga imepakana na Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Waha, kama Warundi, walitawaliwa na akina Mwami. Huko ng'ambo neno ingoma lina maana ya ngoma na ya ufalme pia. Ngoma yenyewe huchongwa katika gogo la mringaringa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Baadhi hushikilia mdundo usiobadilika, baadhi hufuata, na moja ya katikati, inkiranya, huziongoza zote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 midundo hiyo ilirekodiwa, na santuri yake ikatolewa Ufaransa. Mwaka 1971 kikatoka kibao cha "Burundi Black", ambamo Mfaransa mmoja aliiongezea midundo ileile kinanda na magitaa. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Canada, akaiingiza katika wimbo wake "The Jungle Line". Kufikia mwaka 1981 bendi za vijana wa Uingereza, Adam and the Ants ikiwa mbele, zilikuwa zikivuma kwa mtindo huo. Je, ni mikono ya nani iliyopiga ngoma zile siku ya kurekodiwa? Wanunuzi waliambiwa ni ngoma za Burundi, basi.

Watakuwapo watakaosema kuwa muziki ni kuazimana. Ni kweli. Highlife ya Ghana ilichanganya midundo ya wenyeji na tarumbeta, na afro-funk ya miaka ya 1970 ikaongeza gitaa la besi la Wamarekani weusi. Lakini E. T. Mensah alijulikana kwa jina lake, na Tony Allen, aliyepiga ngoma katika bendi ya Fela Kuti, anatajwa hata leo kuwa ndiye mwenye mdundo ule. Hapo mwenye mali hakufichwa.

Mwezi Mei 1915 haukuwa na kisa kama cha Mei 2015, pale makumi ya maelfu ya Warundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikafanya kazi ya kuwasafirisha hadi Kigoma. Mtu anayekimbia habebi gogo kichwani. Ujuzi wa mikono, hata hivyo, huvuka naye. Mwaka uliotangulia, 2014, UNESCO ilikuwa imeiorodhesha ngoma hiyo kuwa urithi wa binadamu. Mwaka 2017 Serikali ya Burundi ikatoa amri iliyowazuia wanawake kuipiga. Mambo ya jirani ni ya jirani. Huku kwetu binti wa Kagunga anayetaka kushika mirija ya ngoma hana wa kumzuia, labda mzazi wake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Lakini ni vigumu kudai haki ya mdundo usiorekodiwa, wa mpigaji asiyejulikana. Kwa hiyo tunawataka maofisa utamaduni wa Mkoa wa Kigoma wapande boti, waende Kagunga na vijiji jirani, warekodi, na waandike jina la kila mpigaji, kijiji chake, na aliyemfundisha. Kinasa sauti na daftari havitazidi gharama ya chakula cha mchana cha ziara moja ya wageni.