Kutu ya Eldoret Isitutie Aibu

Katika mashamba ya zamani yanayozunguka Eldoret, mgeni hakosi kuona matrekta makuukuu chini ya mikaratusi, magurudumu yake ya chuma yamezama ardhini, na mashine za kupura ngano ambazo sasa kuku hutagia ndani yake. Nami nimeyaona katika shamba moja kubwa la zamani. Lakini kilichoniuma si kutu. Kilichoniuma ni maneno ya mwenzangu niliyefuatana naye kutoka Mombasa: "Waona? Walipoondoka Wazungu, kila kitu kilioza." Maneno haya husikika hata huku kwetu barazani. Mimi nasema si kweli.

Kwanza tutazame mwanzo wake. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa kutoka Afrika Kusini, wakapanda gari moshi mpaka Nakuru, kisha wakashika njia kwa magari ya ng'ombe hadi nyanda za Uasin Gishu. Reli haikufika Eldoret mpaka 1924. Kabla ya hapo, plau na mashine zilishushwa stesheni ya Londiani, zikamaliza safari katika matope zikikokotwa na ng'ombe. Hata hivyo mlango wake wa kuingilia ulikuwa bandari yetu, na mikono ya kwanza kuzipokea ilikuwa ya makuli wa Mombasa.

Na shambani je? Aliyezifunga ng'ombe, aliyetia mafuta ya taa katika trekta, aliyeshona magunia ya ngano, alikuwa ni kibarua mwenye kipande chake shingoni. Kutu ile imefunika jasho lake yeye, si la bwana shamba peke yake.

Sasa, kwa nini zilikufa? Mashine kubwa ya kuvuna yataka uwanja mpana. Baada ya Uhuru wa 1963, mashamba mengi makubwa yaligawanywa, ekari elfu zikawa vijishamba vya ekari chache chache. Mashine ile itageukia wapi? Tena kuna vipuri. Ferguson ile ndogo ya kijivu ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Kiwanda kikiacha kuitengeneza, vipuri navyo huadimika. Hata huko Uingereza matrekta kama hayo yalioza vichakani mpaka wapenzi wa vitu vya kale walipoanza kuyaokoa, na hakuna aliyesema Waingereza ni wazembe. Uasin Gishu haikuacha kulima. Mahindi na ngano zingali zinatoka huko, kwa matrekta mapya.

Hatari iliyopo leo ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Serikali iliposimamisha biashara hiyo kwa muda, Januari 2022, ilikuwa kwa ajili ya minara ya umeme iliyokuwa ikihujumiwa. Trekta kuukuu halina mtetezi. Hukatwa vipande, likauzwa kwa kilo.

Msomaji ataniuliza: kwa nini tuhifadhi vyuma vya mkoloni? Namjibu kwa Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaifanya jela, nasi leo tumeifanya makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Hatukuitunza kwa kuwapenda Wareno. Tumeitunza kwa sababu wazee wetu waliteseka na kupigana pale.

Basi Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ijenge banda moja tu: trekta moja, plau moja, mashine moja ya kupura, na kando yake maelezo ya waliozifanyia kazi, yaliyotoka vinywani mwao wenyewe. Vibarua wa miaka ya 1950 waliobaki ni wazee sana. Chuma chaweza kungoja mwaka mwingine. Wazee hao hawawezi. Wenye mashamba na wakubwa wa kaunti waanze kwao.