UCHAMBUZI: Simu yaweza kukumbusha dawa, ila nani atamjibu mgonjwa akisema ana shida?

JUA linapozama katika ufuo wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, ndipo kazi ya mvuvi wa omena inapoanza. Huwasha taa zake, akaingia ziwani na kurejea alfajiri. Naye mchimba dhahabu wa Macalder, Kaunti ya Migori, huenda akashinda shimoni kutwa nzima huku simu yake ikiwa imeachwa kibandani ikichajiwa.

Iwapo wawili hawa wanatumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, wanatakiwa kumeza dawa kila siku ya Mungu, bila kukosa, katika maisha yao yote. Je, programu ya simu yenye kulia kengele saa ya dawa inapofika inaweza kuwasaidia kulitimiza sharti hilo?

Hili si suala dogo katika kaunti hizi mbili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2018 ulibainisha kwamba asilimia 19.6 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 katika Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Migori ilikuwa na asilimia 13.3, ilhali kiwango cha taifa zima kilikuwa asilimia 4.9. Kwa hivyo kila jambo linalohusu umezaji wa dawa linagusa karibu kila boma katika eneo hilo.

Ikumbukwe pia kwamba tiba yenyewe imerahisishwa mno. Tangu dawa ya dolutegravir ilipoanza kutumika nchini, wagonjwa wengi wazima humeza tembe moja tu kwa siku. Anayezitumia ipasavyo hadi virusi vikakosa kuonekana katika vipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini anayekosa dozi mara kwa mara huvipa virusi nafasi ya kuongezeka na hata kuwa sugu, na mama mjamzito au anayenyonyesha humweka mtoto wake hatarini.

Kenya haijabaki nyuma katika teknolojia hii. Sekta ya afya ina mfumo uitwao Ushauri, ambao huwatumia wagonjwa arafa za kuwakumbusha siku ya kliniki. Ipo pia programu ya simu iitwayo Nishauri, inayomwezesha anayeishi na virusi kuona tarehe ya kurudi kliniki na matokeo ya vipimo vyake.

Hata hivyo, kabla ya kuishangilia kila programu mpya, ni vyema kutazama yale ambayo tayari yamepimwa papa hapa nchini.

Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Nusu yao walitumiwa arafa mara moja kwa wiki yenye neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” katika muda wa saa 48. Aliyejibu kwamba ana shida, pamoja na aliyenyamaza kimya, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la The Lancet, yalionyesha kwamba asilimia 62 ya waliopokea arafa walisema wametumia dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wenzao. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Utafiti mwingine ulifanywa Chulaimbo, katika Kaunti ya Kisumu, si mbali na Homa Bay. Wagonjwa 431 walifuatiliwa kwa wiki 48, na ripoti ikatolewa mwaka wa 2011. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki walifanya vyema: asilimia 53 walifikisha kiwango kizuri cha kutumia dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wale ambao hawakutumiwa lolote. La kushangaza ni kwamba waliokumbushwa kila siku hawakufaidika kuwazidi wasiokumbushwa kabisa. Kurefusha maneno ya arafa pia hakukusaidia.

Somo la tatu linatokana na kifua kikuu. Katika kliniki 17 za eneo la Nairobi, wagonjwa walitumia simu za kawaida kuthibitisha kila siku kwamba wamemeza dawa, na waliokosa kufanya hivyo walikumbushwa, kisha wakatafutwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba ni asilimia 4.2 pekee ya kundi hilo ambao matibabu yao hayakufaulu, ilhali katika kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa asilimia 13.1.

Ukizipima tafiti hizi kwa pamoja, jambo moja linajitokeza. Kengele peke yake haina nguvu kubwa, kwani inayolia kila siku huzoeleka kama jogoo wa jirani. Pale ambapo kimya cha mgonjwa kilimwamsha mhudumu akamtafuta, manufaa yaliandamana na simu. Wala haikuhitajika simu ya bei ghali. Kabambe ilitosha.

Hoja hiyo ina uzito zaidi ukizingatia mazingira ya Homa Bay na Migori. Haki itendeke: programu iliyo ndani ya simu ya kisasa inaweza kulia hata pasipo mtandao, maadamu betri ina chaji. Lakini si kila mtu aliye na simu hiyo, na aliye nayo huenda hana pesa za kununua data. Mvuvi husafiri kutoka Rusinga hadi Mfangano, au akavuka mpaka kufuata samaki, na huweza kukaa mbali na kliniki yake kwa majuma kadhaa. Anachohitaji mtu huyo si kuambiwa saa. Anahitaji kujua ni wapi atapata dawa zikimwishia ugenini.

Isitoshe, wagonjwa wanaoendelea vizuri siku hizi hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Utaratibu huo umewapunguzia nauli na foleni. Lakini pia una maana kwamba mgonjwa hukaa muda mrefu bila kuonana na muuguzi, na iwapo amezidiwa na njaa, ugomvi wa nyumbani au huzuni, hakuna atakayejua hadi siku ya kliniki. Mawasiliano ya katikati ndiyo yanayoweza kuziba pengo hilo.

Kuna pia suala la siri. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto. Programu yenye jina la dawa kwenye kioo inaweza kufichua jambo ambalo mwenyewe hajawa tayari kulisema. Neno “Mambo?” lilikuwa la busara kwa sababu aliyelichungulia hakugundua lolote.

Hofu hiyo haihusu nyumbani tu. Mnamo Februari 2015, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza kukusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao. Mahakama Kuu iliamua Desemba 2016 kwamba agizo hilo lilikiuka katiba. Mwaka wa 2019 taifa lilipata sheria ya kulinda data za watu binafsi. Na Kenya ilipotia saini mkataba wa afya na Marekani mnamo Desemba 4, 2025, haikuchukua muda kabla ya Mahakama Kuu kusimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu iliyohusu kupeana data za afya za Wakenya. Ni bayana kwamba mgonjwa ana haki ya kuuliza: haya ninayoandika katika simu yangu yanakwenda wapi?

Lakini suala zito kuliko yote ni la wahudumu. Kwa zaidi ya miaka 20 huduma za Ukimwi katika ukanda wa ziwa zilitegemea mno fedha za Marekani, hasa kupitia mpango wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka wa 2003. Januari 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilisimamisha misaada ya ng'ambo. Ingawa baadaye iliruhusu tiba ya kuokoa maisha iendelee, maelfu ya wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo nchini walipoteza kazi. Julai 1, 2025, shirika la USAID likakoma kusimamia misaada.

Miongoni mwa waliofutwa walikuwamo washauri na wafuatiliaji, yaani watu wale wale ambao kazi yao ilikuwa kumpigia simu aliyekosa kufika. Hatari iliyopo sasa ni kwamba kaunti zinaweza kuvutiwa na programu kwa kuwa haidai mshahara, kisha zikadhani zimepata mbadala wa muuguzi. Tafiti zilizotajwa hapo juu haziungi mkono dhana hiyo hata kidogo.

Lipo jambo linaloweza kufanywa bila kungoja mfadhili. Septemba 2023, serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, zikiwemo simu za kisasa za kunakili habari za nyumba wanazozitembelea. Wahudumu hao wanaishi vijijini na ufuoni. Mgonjwa akikubali, mhudumu aliyefunzwa kutunza siri anaweza kuwa ndiye anayepokea neno “Shida” na kumfikia siku hiyo hiyo. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori zinapaswa kuwalipa marupurupu yao kwa wakati na kutenga fedha za arafa katika bajeti, badala ya kuliacha jambo hilo mikononi mwa wahisani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Programu nayo ipewe nafasi yake. Kwa mwalimu wa Rongo au mfanyabiashara wa mjini Homa Bay aliye na simu ya kisasa, kengele na tarehe za kliniki zitamfaa, mradi asilazimishwe kuitumia na ufunguo wa siri zake ubaki kwake.

Kwa mvuvi na mchimba dhahabu, kipimo ni kimoja: akijibu kwamba ana shida, yupo mtu atakayempigia? Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Simu inayolia kisha ikanyamaza haijafikia kiwango hicho.