Maziwa ya Mama, Vumbi la Baba

Na Musonda Kalenga, Likasi

Vijana wetu waliosoma wakitaka kumtukana mwanamume mkali nyumbani humwita Neandertali. Wanamaanisha mtu wa pangoni mwenye rungu, anayemburuta mkewe kwa nywele na asiyejua hata idadi ya watoto wake. Picha hiyo imetoka kwenye katuni. Mifupa na meno ya Waneandertali wenyewe, wale binadamu wa kale, yanasimulia mengine, na kwa sisi tunaolea watoto katika mji wa madini, masimulizi hayo yanatugusa karibu kuliko tunavyodhani.

Kuna meno ya watoto wawili wa Kineandertali yaliyofukuliwa mahali paitwapo Payre, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Watoto hao waliishi miaka kama 250,000 iliyopita. Jino la mtoto hukua kwa tabaka nyembamba mno, siku baada ya siku, na kila tabaka hubakiza alama ya kile kilichopita mwilini wakati ule. Mwaka 2018 mtaalamu wa meno ya kale, Tanya Smith, na wenzake walichapisha walichokisoma humo. Walifuatilia bariamu, ambayo hupanda mtoto anapokunywa maziwa ya mama na kushuka anapoacha. Mmoja wa watoto wale alizaliwa baridi ilipokuwa imekwisha, akanyonya miaka miwili na nusu, akaachishwa ziwa kabla baridi nyingine haijaingia.

Miaka miwili na nusu! Muulize mama yeyote mtu mzima pale soko la Kikula, hapa Likasi, atakuambia hiyo ndiyo hesabu aliyofundishwa na mama yake.

Nawakumbusha wasomaji jambo ambalo shuleni hatukuelezwa vizuri. Kuanzia miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Kibelgiji, Union Minière, ilipochoka kuwatafuta wafanyakazi kila mwaka kutoka mbali, iliamua kuwatuliza kambini pamoja na wake zao. Mji huu, ambao katika enzi za ukoloni ulikuja kuitwa Jadotville, ukajaa ndoa na watoto. Kampuni ikawapima watoto kwenye mizani, ikagawa mposho kwa familia, ikatoa zawadi kwa kila uzazi. Si mabaya yote, maana watoto wengi waliokoka. Lakini wakubwa wa Kibelgiji walikuwa na malalamiko yao: mama wa Kongo ananyonyesha muda mrefu mno, miaka miwili hadi mitatu, na kwa kuwa muda huo hakaribiani na mumewe, watoto wanazaliwa wachache. Nguvu kazi ya kesho inachelewa. Basi wakatuma mabibi wa Kizungu na watawa kuwafundisha akina mama wetu kuachisha mapema na kuleta uji na maziwa ya kopo.

Wangejua kwamba akina mama wa Ulaya yenyewe, maelfu kwa maelfu ya miaka kabla hakujawa na Ubelgiji, walinyonyesha vilevile! Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mama anyonyeshe hadi miaka 2 na zaidi. Bibi zetu hawakuombwa radhi na mtu.

Malezi ya Waneandertali hayakuishia kwenye maziwa. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya vinasaba vya Waneandertali wa pango la Chagyrskaya, huko Siberia, walioishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Walimkuta baba na binti yake kijana. Vinasaba hivyo vinaonyesha pia kwamba wengi wa wanawake walitoka kwa watu wengine na kuja kuishi upande wa mume. Wabemba na Walamba watatikisa kichwa, maana kwao ukoo ni wa mama, na zamani mkwe ndiye aliyehamia kijijini kwa mke akalima shamba la wakwe. Kila watu na taratibu zao. Na mwaka 2024 zikaja habari za Cova Negra, nchini Hispania: mfupa wa sikio la mtoto wa Kineandertali aliyezaliwa na hali tunayoiita ugonjwa wa Down. Sikio lake lilikuwa bovu, huenda alikuwa haendi wala hasimami sawasawa, na bado aliishi hadi miaka 6 au zaidi. Mama peke yake, katika maisha ya kuwinda na kuhama, hawezi kumbeba mtoto wa namna hiyo miaka yote hiyo. Kulikuwa na mikono mingine.

Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo anaweza kupelekwa kwa mchungaji wa uongo, akaitwa mulozi, yaani mchawi, akafunga siku kadhaa bila kula, kisha akaishia barabarani. Sasa Neandertali ni nani?

Lakini turudi kwenye yale meno ya Payre, kwa sababu kuna jambo la pili lililosomwa humo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watoto wote wawili walikuwa wameingiwa na madini ya risasi mwilini, si mara moja tu, na mara hizo ziliangukia miezi ya baridi. Karibu na pale, ndani ya kilomita 25, kuna mahali palipochimbwa risasi baadaye. Labda walikunywa maji au walikula chakula chenye madini hayo, labda walivuta moshi wake. Wazazi walikuwa wamefanya kila walichoweza: walimnyonyesha mtoto, wakambeba, wakamlinda na fisi. Ardhi ikawapita kwa chini. Hawakuwa na namna ya kujua.

Ng'ambo ya mpaka, Zambia, kuna mji wa Kabwe. Mwaka 1921 wachimbaji wa risasi na zinki walitoa mgodini fuvu la binadamu wa kale, si Neandertali hasa, ila wa zama zilezile za watoto wa Payre au zaidi kidogo. Meno yake mengi yameoza. Fuvu lilipelekwa London, liko huko hadi leo, na Zambia inalidai. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1994, na risasi ikabaki kwenye udongo wa mitaa, kwenye nyua wanakocheza watoto, na ndani ya damu yao.

Na sisi? Kwetu huchimbwa kobalti, nayo si risasi, sitaki kuzichanganya. Lakini mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilizidi ile iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote duniani, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa Lubumbashi, uliolinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na wengine 108 waliozaliwa salama. Alama iliyojitokeza kuliko zote ilikuwa kazi ya baba: baba akiwa anafanya kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulizidi mara 5.

Mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa vumbi la madini hayo linapitia wapi. Baba ameshinda shimoni na wenzake, wale creuseurs wetu, wachimbaji wadogo, au ametoka zamu kiwandani. Anaingia na nguo zilezile, mtoto anamrukia. Gunia la mawe linalazwa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi hadi mnunuzi apatikane. Kesho yake mama anafua ovaroli kwenye beseni. Maji yanatoka ya kijani kidogo, anayamwaga uani, na beseni hilo hilo jioni anaogeshea mtoto. Bukari, yaani ugali, ya siku hiyo imenunuliwa kwa pesa za gunia lile la mawe, na hakuna anayeweza kumwambia baba aache. Ndiyo maana huwa nakerwa na mahubiri yanayowalaumu wazazi kwa ujinga. Beseni la pili ni pesa. Chumba cha kuwekea mawe ni pesa. Ni kweli, baba anaweza kuvua nguo nje na kunawa kabla hajambeba mtoto, na kila anayesoma safu hii aanze leo. Lakini hilo halitoshi, na wanaojua kwamba halitoshi wana ofisi.

Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakazi wa jirani. Katika mrabaha wa madini, asilimia 15 ni ya mji au eneo yanakochimbwa, na asilimia 10 inawekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Nimeona kilichojengwa kwa pesa za namna hiyo hapa na pale: madarasa, visima, lango lenye maandishi makubwa kuliko shule yenyewe. Sijaona kliniki yenye daftari la kobalti na risasi katika damu ya watoto wa Panda au wa Shituru, lililoanza kuandikwa kabla kiwanda hakijawashwa na kuendelea kila mwaka baadaye.

Kupima mtoto ni sindano moja na chupa ya mkojo. Wataalamu wako Lubumbashi, kilomita kama 120 kwa barabara, na wamekwisha kufanya kazi hiyo kwa fedha za kuombaomba. Mkutano ujao wa kampuni na wakazi, ule wa kupanga matumizi ya ile asilimia 0.3, akina mama waende na ombi hilo moja limeandikwa, kabla mtu hajataja lango.