Walisamehe, machozi hayakukauka

"Msamehe mwenzako, yaishe." Wazazi wengi humwambia hivyo mtoto aliyeumizwa, na papo hapo anatakiwa awe ameshanyamaza.

Waamish wa Nickel Mines, Pennsylvania, nchini Marekani, ni Wakristo wanaowafundisha watoto kusamehe tangu wakiwa wadogo. Oktoba 2, 2006, dereva mmoja wa lori la maziwa, asiye wa jamii yao, aliingia katika shule yao ya chumba kimoja, akawapiga risasi wasichana 10, kisha akajiua. Watano walifariki dunia. Mmoja wao, mwenye miaka 13, aliomba apigwe yeye kwanza. Ndivyo alivyosimulia mdogo wake aliyenusurika.

Siku hiyohiyo Waamish walikwenda kuifariji familia ya muuaji. Hata mazikoni kwake walifika.

Wengi hukikatisha kisa hiki hapo. Lakini wazazi wale waliendelea kulia, na wapo waliokiri kwamba hasira ilirudi, ikabidi wasamehe upya. Baadaye mama wa muuaji, Terri Roberts, alikuwa akienda kila wiki kumwogesha na kumsomea vitabu msichana mmoja aliyebaki na ulemavu mkubwa. Fikiria, mzazi, kumfungulia mlango mama huyo, wiki baada ya wiki.

Basi mwanao akirudi shuleni amepigwa, muulize kwanza anaumia wapi. Msikilize hadi amalize. Habari ya kusamehe inaweza kusubiri hata kesho, na kwa mwalimu wake nenda vilevile.